Neno "Melankoli" Katika Posa ya Uyole: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Barua ya posa ilikuwa imeshapokelewa Uyole, Mbeya, nyumbani kwa binti. Mshenga alikunywa chai, akasindikizwa hadi barabara kuu, na upande wa binti ukaanza kuulizana habari za ng'ombe. Kikao cha mahari kilipokaribia, ujumbe ukafika Mafinga kwa kijana: kikao kimesogezwa mbele, familia inaomba "muda wa uchunguzi wa afya." Uchunguzi wa nini, haikusemwa. Kaka yake kijana akampigia mshenga, mshenga akapiga Uyole, na baada ya kuzungushwa sana akapewa neno moja. Kijana ana melankoli.

Mshenga huyo nilimfundisha Kiswahili alipokuwa sekondari. Alikuja kwangu na swali la kamusi: neno hili ni la ugonjwa au la tabia? Kisa kikawa kirefu kuliko swali, na familia zote mbili zimeniruhusu nikiandike mradi nisitaje jina la mtu wala la kanisa. Nakiandika kwa sababu neno hilo nalisikia mara kwa mara katika maandalizi ya ndoa huku Nyanda za Juu Kusini, na nimeona linavyoweza kumuumiza mtu asiye na kosa.

Neno lilivyotoka semina likafika kwa shangazi

Lilianzia kwenye semina ya wachumba, mwezi wa tisa. Katika makanisa mengi ya huku wachumba hupitia mafundisho kabla ya kufunga ndoa, na mada inayopendwa sana ni ile ya haiba nne. Mnapewa karatasi ya maswali, mnajaza, mnajumlisha alama, kisha kila mmoja anaambiwa yeye ni sangwini, koleriki, flegmatiki au melankoli. Mafundisho hayo yalipata nguvu kupitia maandishi ya Tim LaHaye, mchungaji wa Marekani, kuanzia mwaka 1966. Naye alijengea juu ya kazi ya Ole Hallesby, mwanateolojia wa Norwei. Wanaoyafundisha huku mara nyingi hawataji majina hayo. Wanayatoa kama jambo lililokuwapo tangu zamani, na hapo wako sawa kwa kiasi kikubwa, maana mizizi yake ina umri mkubwa kuliko Ukristo.

Kijana alipata alama nyingi mno upande wa melankoli. Mwezeshaji akasoma matokeo mbele ya wote, akamgeukia binti, akamwambia ajiandae kuishi na mtu wa huzuni. Watu wakacheka. Binti akanyamaza, akarudi nyumbani akamsimulia mama yake. Mama akamweleza wifi yake, yaani shangazi wa binti, ambaye katika ukoo ule hakuna posa inayopita bila kauli yake. Shangazi akamuuliza jirani aliyewahi kufanya kazi hospitali, na jirani akajibu alichokikumbuka: melankolia ni ugonjwa wa akili, ulikuwa kwenye vitabu vya zamani. Kufikia usiku, ndani ya nyumba ile, ukoo mzima wa kijana ulikuwa na kichaa cha kurithi na mtu alishaitaja Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma.

Jirani hakusema uongo. Madaktari wa zamani walilitumia neno hilo kwa ugonjwa. Mwezeshaji naye hakusema uongo, kwa maana karatasi yake inalitumia kwa tabia. Kila mmoja alikuwa na maana yake sahihi mkononi, na kijana akakaa katikati akihukumiwa kwa zote mbili.

Kulikuwa na jambo jingine lililokuwa halisemwi waziwazi. Kijana ni Mhehe, na karibu kila Mtanzania anaujua ule mzaha kwamba Mhehe akiudhika anatafuta kamba ya kujinyonga. Mzaha huo nimeukemea darasani miaka yangu yote ya kazi. Unageuza msiba wa watu kuwa sifa ya kabila, na mtu wa kule akianza kuzama kweli, waliomzunguka wanaona ni desturi yao, wanamwacha. Shangazi hakuwa anatania hata kidogo. Aliniambia mbele ya wifi yake: "Mwalimu, mimi naogopa kumpokea huyu mtoto akirudi mjane." Mtu anayesema hivyo anastahili kujibiwa kwa heshima, na kumwambia tu kwamba ni mambo ya kizamani kusingemtoa hofu yake.

Nyongo nyeusi

Kwa hiyo, nilipoketi na familia ya binti, tulianza na asili ya neno. Neno ni la Kiyunani, limeunganishwa kwa maneno mawili: melas, yaani "-eusi", na khole, yaani "nyongo". Melankolia ni nyongo nyeusi. Waganga wa Ugiriki wa karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo, waliofuata mapokeo ya Hippocrates, waliuona mwili kama mahali pa mchanganyiko wa maji maji. Andiko mashuhuri la mapokeo hayo, ambalo wengi hulihusisha na Polybus, mkwe wa Hippocrates, linataja manne: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Yakichanganyika kwa kadiri, mtu ni mzima. Moja likizidi au likijitenga na mengine, mtu anaugua. Kila moja lilipewa majira yake: damu wakati mimea inachipua, nyongo ya njano wakati wa joto, nyongo nyeusi wakati majani yanapukutika, kohozi wakati wa baridi kali. Nyongo nyeusi ilihesabiwa kuwa baridi na kavu, na makao yake yakasemwa kuwa kwenye bandama.

Mjomba wa binti alipokisikia kipande hicho cha baridi alitikisa kichwa kukubali, akasema basi ndiyo maana, ukungu wa Mufindi, kwao kijana, unaingia mpaka kwenye mifupa. Nilimwomba asiende upande huo. Tukuyu mvua hainyeshi kidogo, na Uyole mwezi wa saba tunavaa makoti mawili, lakini hakuna anayetupima tabia kwa hali ya hewa.

Galen, aliyezaliwa Pergamo mwaka 129, aliyachukua mafundisho hayo akayapanga vizuri zaidi, na waliomfuata wakazidi kuyafunga kwenye tabia: mwenye damu nyingi ni mchangamfu, wa nyongo ya njano ni mwepesi wa hasira, wa kohozi ni mtulivu asiyeharakishwa, wa nyongo nyeusi ni mtu wa huzuni na mawazo. Majina manne ya ile karatasi ya semina yametoka hapo moja kwa moja. Sangwini ni damu kwa Kilatini. Koleriki ni nyongo, flegmatiki ni kohozi.

Shangazi alikuwa anasikiliza kwa adabu, lakini nilimwona anachoka na Wayunani. Nikamuuliza kama anaijua safura.

"Ya watoto wanaokula udongo? Naijua sana. Wanavimba uso, damu inaisha."

Nikamwambia safura ni ndugu wa lile neno linalomnyima usingizi. Vitabu vya Galen vilihamishiwa kwenye Kiarabu, na mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wote ni Hunayn ibn Ishaq wa Baghdad, aliyeishi kati ya mwaka 809 na 873. Kwa Kiarabu nyongo ya njano ikaitwa safra, nyongo nyeusi ikaitwa sauda, kohozi likaitwa balgham, na ule mchanganyiko wenyewe, unaoamua afya na tabia ya mtu, ukaitwa mizaj. Maneno hayo yalikuja pwani kwetu pamoja na tiba ya Kiarabu, yakapanda na Kiswahili hadi huku milimani. Leo safura ni jina la ugonjwa unaoletwa na minyoo, ngozi inapauka na mgonjwa anaishiwa nguvu. Balghamu bado ipo kwenye kamusi kwa maana ya kohozi. Mizaji tunayo kwa maana ya hali ya afya au tabia ya mtu. Sehemu kubwa ya fundisho lile imo katika lugha tunayoamkiana nayo, isipokuwa nyongo nyeusi haikutufikia kama jina la ugonjwa wala la tabia. Ndiyo sababu melankoli iliposhuka kwa njia ya Ulaya ilitujia ngeni kabisa, haina ndugu wa kuipokea.

Niliona uso wa shangazi unafunguka. Safura haikumwogopesha, aliijua, alijua inatibiwa kwa vidonge na kwa kuvaa viatu. Hapo ndipo alipoanza kuuliza maswali ya kweli. La kwanza lilikuwa zuri kuliko yote: "Sasa hiyo nyongo nyeusi, madaktari wanaipima vipi?"

Hawaipimi, kwa sababu haipo. Nyongo ni moja, ya rangi ya manjano inayokwenda kwenye kijani. Inatengenezwa na ini, inatunzwa kwenye kifuko chake, na kazi yake ni kusaidia kuyeyusha mafuta ya chakula. Bandama haitoi nyongo yoyote. Fundisho la maji maji manne lilidhoofika polepole, na mwaka 1858 Rudolf Virchow wa Ujerumani alipofundisha kwamba ugonjwa utafutwe ndani ya seli za mwili, lilikosa mahali pa kusimama katika tiba. Neno likabaki bila kitu chake. Huko Ulaya likaendelea kuishi kwa washairi na waandishi wa riwaya, likimtaja mtu wa huzuni tulivu, mwenye kukaa peke yake na kuwaza, na likawa neno la kupendeza. Hata zamani lilikuwa na heshima yake: kuna swali la kale lililohifadhiwa kati ya maandishi ya Aristotle linalouliza kwa nini waliopata umashuhuri katika falsafa, siasa, ushairi na sanaa wanaonekana kuwa watu wa nyongo nyeusi.

Binti, aliyekuwa amekaa pembeni muda wote, akatoa karatasi ya semina kwenye mkoba. Ilikuwa imeandika kwamba melankoli ni makini, mwaminifu, mwenye kipaji, mpangaji mzuri wa fedha. Mistari hiyo haikusomwa siku ile mbele ya watu. Mama yake akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe kuanzia juu mpaka chini.

Tangu lini

Ningeweza kuishia hapo, na upande wa kijana ulitaka niishie hapo. Kaka yake alinipigia akiwa na furaha: si mmeona, ni tabia tu, hana ugonjwa, tuendelee na mahari. Lakini kuna sentensi moja katika mapokeo ya Hippocrates, kwenye mkusanyo wa kauli fupi za uganga, iliyonikataza. Inasema hofu au huzuni ikidumu muda mrefu, hali hiyo ni ya nyongo nyeusi. Waliamini kitu kisichokuwepo kuhusu nyongo, ila juu ya mgonjwa waliuliza swali sahihi, nalo ni la muda. Huzuni ya mtu huyu imeanza lini, na imekaa kiasi gani?

Hakuna aliyemuuliza kijana swali hilo. Karatasi ya semina inauliza ukoje, haiulizi umekuwa hivyo tangu lini. Anayejaza katikati ya mwaka mbaya anajibu kwa ukweli kabisa, na jibu lake linasajiliwa kama maumbile yake ya milele. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa la kisa chote, kubwa kuliko kicheko cha ukumbini na kuliko umbea wa Mirembe. Shangazi alitaka kumkataa kwa sababu ni melankoli, kaka alitaka kumwozesha kwa sababu ni melankoli tu, na wote wawili waliliweka neno mahali pa kumwangalia mtu.

Nikamwuliza kaka. Akaanza kwa kusema mdogo wake alikuwa mkimya tangu utoto. Vizuri; mkimya namna gani? Alikuwa anacheza mpira? Ndiyo, beki. Kanisani? Alipiga gitaa la besi kwenye kwaya, na mazoezi ya jioni hakuyakosa. Bado anapiga? Hapo kaka akanyamaza kidogo kwenye simu. Gitaa hajaligusa tangu baba yao alipofariki, mwezi wa tatu, wakati wa mvua nyingi. Kijana ni kitinda mimba, ndiye aliyekuwa akiishi na mzee na kusimamia naye biashara ya mbao. Mzee aliacha deni ambalo watoto wakubwa hawakulijua, na wenye deni walimfuata yeye. Usingizi? Anaamka saa tisa usiku, anakaa nje. Chakula? Suruali zimemlegea, shemeji yake amezipunguza kiunoni. Kaka alikuwa anaviona vitu hivi kimoja kimoja. Alipovitaja kwa mfululizo alivisikia yeye mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Ukimya wa kuzaliwa hauna mwezi ulioanzia. Huu ulikuwa na mwezi wake, na kijiji kizima kiliuhudhuria msiba wake.

Kijana nilikutana naye Makambako, akiwa na mshenga. Aliniamkia kwa heshima, nikaitikia, tukazungumza kwanza habari za mbao na barabara. Sikumwambia yeye ni nani. Nilimuuliza ni kitu gani alichokuwa akikipenda ambacho sasa hakimsogezi. Alijibu kwa shida kwamba hata posa yenyewe alijitahidi kuifurahia kwa sababu ya binti, kwani anampenda, ila ndani hakuna kinachowaka. Nikamuuliza, kwa maneno ya wazi, kama amewahi kufikiria kufa. Alisema hajapanga kitu chochote, ila kuna asubuhi ambazo angefurahi asingeamka. Mshenga alishtuka niliposema neno hilo bila kuzunguka. Kumuuliza mtu waziwazi hakumwingizii wazo kichwani. Kunampa ruhusa ya kulitoa. Tulikubaliana hapo hapo kwamba asikae peke yake nyakati za usiku, kaka yake atalala kwake, na wiki ile ile waende hospitali wote wawili.

Daktari alitumia neno ambalo ndilo linalotumika sasa katika hospitali zetu: sonona. Ni neno letu, kutoka kitenzi cha kuumia kwa ndani kwa ndani, na kama melankolia ya kale linachukua huzuni nzito iliyokaa. Ila linakuja na vipimo vyake. Daktari anatafuta moyo ulioshuka au kukosa hamu, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na dalili kama usingizi kuvurugika, uzito kupungua, akili kutotulia, kujiona hufai, mawazo ya kifo. Pia anatenganisha na majonzi ya kawaida ya kufiwa, ambayo huja kwa mawimbi na kumwachia mtu nafasi ya kucheka na ndugu zake kati ya wimbi na wimbi. Kijana alikuwa amevuka mpaka huo kwa miezi. Alianza mazungumzo ya tiba na dawa, akaelezwa mapema kwamba dawa hizi huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, asizitupe siku ya nne kwa kuona hazifanyi kitu. Deni la mzee lilipelekwa kwenye kikao cha ndugu na likagawanywa. Nadhani hilo nalo lilitibu.

Kikao cha Uyole

Kikao cha mahari kilifanyika mwezi wa kwanza. Upande wa kijana ulikuja na wazee wake, na mshenga akaomba ruhusa ya kusema kwanza habari za afya ili lisibaki jambo chini ya mkeka. Alisema kijana amekuwa mgonjwa wa sonona baada ya msiba, anatibiwa, anaendelea vizuri, na kwamba ukimya wake wa kawaida ni wa kuzaliwa na hautaisha. Mjomba alitaka kujua kama watoto watazaliwa nao. Nililetewa swali hilo nami nikalijibu kama nilivyoelezwa na daktari: kuwa na ndugu mwenye sonona kunaongeza uwezekano, ila si hukumu, na koo nyingi zilizokaa pale, zikijichunguza kwa haki, zingemkumbuka mtu wao. Mzee mmoja wa upande wa binti akamtaja dada yake marehemu, aliyekaa ndani miaka baada ya kupoteza mtoto, wakasema amerogwa. Hakuna aliyemkatiza.

Shangazi ndiye aliyemgeukia kijana mwenyewe. Hakumuuliza kama ni melankoli. Alimuuliza analala saa ngapi siku hizi, nani anampikia, na siku moyo ukirudi kuwa mzito atamwambia nani kwanza. Kijana alimtaja binti, kisha kaka yake. Shangazi akasema na yeye awekwe kwenye orodha hiyo, akampa namba ya simu mbele ya kikao, ndipo wakaingia kwenye ng'ombe, ambao walibishaniwa mpaka jioni kama inavyotakiwa.

Mwezeshaji wa semina nilimtafuta pia. Ni mtu mwema, anajitolea, na alihuzunika kusikia kilichotokea. Hatukubaliani kuhusu haiba nne. Yeye anaona zinawasaidia wachumba kuzungumza, mimi naona zinawapa majina mapema mno. Ila karatasi ameibadilisha. Matokeo hayasomwi tena mbele ya ukumbi. Na juu kabisa, kabla ya swali la kwanza, ameandika: katika mwaka huu umefiwa, umeugua sana au umepoteza riziki? Anayejibu ndiyo hajumlishi alama siku hiyo. Mwezeshaji anakaa naye pembeni, na anayo namba ya kliniki ya kumpa.